Uvumilivu wa Muhogo na Gharama Yake



Mwezi uliopita nilikuwa nimeketi bustanini hapa Albert Park, karibu na mama mmoja aliyekuwa akizungumza na nyumbani kwa simu. Mvua zilikuwa zimekosekana, mahindi yamekauka. Alipomaliza alishusha pumzi, akasema: "Alhamdulillahi, muhogo upo." Nilifurahi pamoja naye. Hata hivyo, lilikuwapo swali moja ambalo hakuliuliza, nami sikuthubutu kumwingilia. Nalieleza hapa.

Kwanza tujue kwa nini muhogo ulikuwapo. Mahindi yana wakati wake wa hatari: yakikosa maji yanapotoa mbelewele na ndevu, punje hazishiki, na mvua ya baadaye haiyaokoi. Muhogo ukishashika ardhini hauna saa kama hiyo. Majani yake yana vitundu vidogo mno, ambavyo kwavyo mmea huvuta hewa na hupoteza maji. Hewa ikikauka, muhogo huvifunga mapema, kabla haujadhoofika. Ukame ukizidi, huangusha majani mengi na kubakiza machache, mfano wa mwenye nyumba apunguzaye matumizi kipato kinapopungua. Mizizi yake huteremka chini kutafuta unyevu. Na mvua ikirudi, mmea hutumia akiba yake ya wanga kuchipua upya.

Lakini uvumilivu huo una gharama. Ndani ya muhogo mna kemikali iitwayo linamarini. Muhogo ukitafunwa au kutwangwa, kemikali hiyo hukutana na kimeng'enya chake, ikatoa sumu ya sianidi. Hiyo ndiyo silaha ya mmea dhidi ya wadudu na wanyama, na muhogo mchungu unayo nyingi kuliko mtamu. Mwaka wa ukame sumu hiyo huongezeka. Basi mwaka ule ule ambao muhogo ndio chakula pekee, ndio mwaka ambao huwa mkali zaidi.

Wazee wetu walikuwa na dawa yake: muhogo mchungu huroweka majini siku tatu au zaidi mpaka ulainike, ndipo ukaanikwa. Njaa huleta haraka, siku tatu zikawa moja, au muhogo ukaanikwa tu juani bila kurowekwa, jambo lisilotosha kuiondoa sumu. Hapo ndipo huja konzo, maradhi yanayopooza miguu kwa ghafla, wala miguu hairudii hali yake ya kwanza. Jina hilo ni la Wayaka wa Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Habari zake ziliandikwa na daktari Trolli mwaka 1938. Mwaka 1981, wakati wa ukame, maradhi hayo yaliwapata watu zaidi ya 1,000 katika mkoa wa Nampula, Msumbiji. Mwaka 1985 yalionekana Tarime, mkoani Mara, Tanzania, nako kulikuwa na ukame. Wanaoathirika zaidi ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Kinga yake haihitaji fedha nyingi. Ikiwa muhogo umekwisha kusagwa, unga huchanganywa na maji, ukatandazwa mwembamba juani kwa saa mbili, au kivulini kwa saa tano, ili sumu itoke kama hewa. Kisha husongwa ugali siku hiyo hiyo. Tena, samaki, mayai au nyama huusaidia mwili kuivunja sumu iliyobaki.

Kwa hiyo, ndugu zangu, ukame ukiingia nyumbani, tusiishie kuuliza, "Je, mnakula?" Tuulize pia, "Muhogo mmeuroweka siku ngapi?" Na tukituma chochote, hata kidogo, tuseme wazi kwamba ni cha kitoweo, na cha kununulia chakula cha siku tatu, wakati muhogo ungali majini.