Mwana Lesa na Maji ya Walozi

Katika inchi ya Sakania, kusini ya Katanga, na ngambo ya mupaka kwa Walala wa Zambia, liko jina ambalo habari yake haijakwisha hata leo: Mwana Lesa. Lesa ndilo jina la Mungu kwa Walala, Walamba na Wabemba. Basi Mwana Lesa maana yake ni Mwana wa Mungu. Sisi tunaohubiri Mwana wa Mungu wa kweli, inatupasa kuijua habari hii vizuri, kwa sababu mutu aliyejipa jina lile alitumia kitu kilekile tunachotumia sisi: maji ya batizo.

Mutu yule aliitwa Tomo Nyirenda. Alizaliwa Nyasaland, ndiyo Malawi ya leo, akasoma kidogo kwa misioni ya Waskoti ya Livingstonia, kisha akaenda kutafuta kazi katika Rhodesia ya Kaskazini. Mwaka 1925 alipokea mafundisho ya Watch Tower, yale ambayo watu wetu waliyaita Kitawala. (Chama chenyewe cha Marekani hakikufundisha kuua mutu, tuseme haki hata kwa wale tusiokubaliana nao.) Akahubiri kwamba mwisho wa ulimwengu uko karibu, kwamba watu weusi wa Marekani watakuja kuwakomboa ndugu zao, kwamba kodi itakwisha na waliobatizwa watapata mali. Watu wakamufuata kwa maelfu.

Lakini kulikuwa na kizuizi. Namna gani ulimwengu mupya utakuja, na walozi wangali wanakaa kijijini? Shaiwila, sultani wa Walala, alikuwa na adui zake. Na watu wa vijiji nao walikuwa na hofu zao. Nyirenda akajibu matakwa ya wote wawili. Aliwapeleka watu mutoni kubatizwa: aliyezama mwili wote alikuwa mutu mwema; yule ambaye maji hayakumufunika kabisa, huyo alikuwa mulozi. Na mulozi alizamishwa hata akafa. Kisha Nyirenda alivuka mupaka akaingia Katanga, na huko mauaji yalizidi. Bula-Matari alipotuma askari alirudi upande wa Waingereza, akakamatwa mwaka uleule. Mwaka 1926 alinyongwa, na Shaiwila pamoja naye. Waliokufa kwa maji yake walikuwa karibu 200, na sehemu kubwa ni watu wa upande wetu wa Kongo.

Katika mwaka huohuo wa 1925 Roma ilisimamisha Prefektura ya Luapula ya Juu, ikaiweka mikononi mwa Wasalesiani na Monsinyori Joseph Sak. Batizo mbili, basi, katika inchi moja na mwaka mumoja. Nani atashangaa kama watu wengine walipomwona padri na maji yake waliuliza kwanza: haya nayo yanatafuta nani?

Wengi wakisikia habari hii husema: ujinga tu. Jibu hilo ni jepesi mno. Tuangalie mambo yalivyokuwa. Tangu zamani, mutoto akifa gafula, au shamba la mumoja likistawi na la jirani likikauka, watu hawakuuliza tu nini kimefanya hivi, bali nani. Na njia ya kujibu ilikuwako: mwavi. Mushitakiwa alinywa dawa ya sumu, akitapika, ametakata, akifa, alikuwa mulozi. Serikali za wazungu zilipokuja zilikataza mwavi, na vema. Lakini zilimwazibu pia yule aliyemushitaki mwenzake kwamba ni mulozi. Mashauri yakafungwa, hofu ikabaki. Watu wakasema: Bula-Matari anawalinda walozi. Halafu akaja mutu mwenye Kitabu mukononi, akaweka maji mahali pa sumu. Hakuleta kitu kigeni. Alirudisha mwavi, akauvika nguo ya batizo.

Wala tusifikiri kwamba jambo hili ni la Afrika peke yake. Katika Ulaya ya kale mushitakiwa alifungwa kamba akatupwa majini: akizama ni mwema, akielea ana kosa. Hesabu ileile ya Nyirenda! Na mapadri walibariki maji yale, mpaka Mutaguso wa Nne wa Laterani, chini ya Papa Inosenti wa Tatu, ulipowakataza mwaka 1215. Hata hivyo desturi haikufa. Mwaka 1597 James, mufalme wa Uskoti, aliandika katika kitabu chake juu ya mashetani kwamba maji yanamukataa mulozi kwa sababu yeye mwenyewe ameyatupa maji ya batizo lake. Mufalme musomi, Mukristu, akatoa sababu ya kidini ya jambo la kipagani.

Lakini ulikuwako pia mwanga. Friedrich Spee, padri Muyezuiti wa Ujeremani, alisikiliza maungamo ya watu waliohukumiwa kwa ulozi. Mwaka 1631 kilitokea kitabu chake, bila jina lake juu yake, kikionyesha kwamba mateso ndiyo yaliyowafanya walozi: mutu akiumizwa sana atakubali neno lolote, atataja na majina ya wengine, na hao nao watateswa. Spee hakuanza kwa kukana kwamba ulozi uko. Alianza kwa kuuliza namna watu walivyojua kwamba huyu ni mulozi. Ningependa kila seminaristi ajifunze swali hilo.

Maana Nyirenda alinyongwa, lakini jambo lake halikunyongwa. Miaka minane hivi baadaye walipita Wamucapi katika Rhodesia ya Kaskazini, wakitoka upande uleule wa Nyasaland, wakiwapanga watu na kuwanywesha dawa. Na leo? Katika miji yetu mikubwa, tangu miaka ya 1990, mushitakiwa mara nyingi si muzee tena, ni mutoto: yatima, au aliyeletwa kwa baba mudogo, au anayekojoa kitandani. Anapelekwa kwa mutu wa maombi. Ananyimwa chakula, anapigwa, mpaka aungame kwamba alikula watu usiku. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumushitaki mutoto ulozi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mutoto inaweka azabu. Ni vizuri. Lakini tumekwisha kuona kwamba sheria peke yake inafunga mulango mumoja, na hofu inapita katika mwingine.

Hapa sharti tujichunguze sisi wenyewe, hasa wakatekista. Tunaposema kwamba batizo linafukuza nguvu za shetani, tunasema kweli. Ila musikilizaji aliyelelewa na habari ya Mwana Lesa anaweza kusikia neno jingine: kwamba batizo linaonyesha nani ni wa shetani. Ndiyo maana inafaa kuwaeleza wakatekumeni kwamba sala za kufukuza shetani wakati wa matayarisho zinasomwa juu yao wote, mwana wa sultani na mutumishi, bila kumutenga hata mumoja. Maji ya Eklezia hayapimi mutu. Aliyeingia ana zambi anatoka amesamehewa. Hakuna anayekataliwa nayo. Tena, kufukuza shetani kwa mutu aliyepagawa si kazi ya kila mwenye sauti kubwa: sheria ya Eklezia, kanuni ya 1172, inadai ruhusa ya Askofu, naye huipa tu padri mwenye utaratani na akili.

Halafu yako matanga. Jina la mulozi kwa kawaida halizaliwi kwa muganga; yeye analithibitisha tu. Linazaliwa usiku wa matanga, pembeni ya moto, wakati watu wanapoanza kuhesabu nani aligombana na marehemu. Mukatekista anayefika asubuhi ya maziko na kitabu chake cha sala amechelewa. Afike jioni ya kwanza, akae, aulize marehemu aliugua namna gani na tangu lini, aache watu wasikie jibu. Na akiona mama muzee ameketi peke yake, wengine wamevuta mikeka yao mbali naye, basi aende kuketi karibu yake, na chakula kikiletwa, ale naye katika sahani moja.