Maumivu ya Goti kwa Wanamichezo: Kupumzika Pekee Hakutoshi

Wachezaji wa voliboli na mpira wa vikapu huruka na kutua mara nyingi katika mchezo mmoja. Baadhi yao hupata maumivu chini kidogo ya kifuu cha goti, yanayopungua mwili ukipata joto na kurudi asubuhi inayofuata. Mara nyingi kinachouma ni kano inayounganisha kifuu hicho na mfupa wa muundi.

Wengi hupumzika wiki mbili, hupaka dawa, kisha hurudi uwanjani na maumivu yaleyale. Ndivyo wachezaji wengine wanavyopoteza msimu mzima. Kano isiyobebeshwa uzito huzidi kudhoofika, hivyo tiba kuu ni mazoezi ya nguvu yanayoongezwa polepole.

Goti likiwa bado linauma sana, mchezaji aegemeze mgongo ukutani na kujishusha kama aliyeketi kitini, akae hivyo kwa sekunde 45, kisha apumzike dakika mbili. Arudie mara tano. Wengi hupata nafuu kwa zoezi hili tu, lakini nafuu si kupona.

Baadaye huja kuchuchumaa na kuinuka kwa uzito: sekunde tatu kushuka, sekunde tatu kupanda, seti nne, siku tatu kwa wiki zisizofuatana. Huanza na marudio 15 kwa uzito mdogo, na kadiri wiki zinavyopita uzito huongezwa na marudio kupunguzwa hadi sita. Asiye na vyuma vya gym aweza kubeba begi la mchanga mgongoni. Kazi hii huchukua takriban wiki 12, wakati mwingine zaidi. Kuruka hurudishwa mwisho kabisa, na makocha wanaombwa wasiharakishe hatua hiyo kwa sababu ya mechi ya fainali.

Je, maumivu wakati wa zoezi ni hatari? Yakiwa hayazidi tatu kwa kipimo cha sifuri hadi kumi, na yawe yametulia kufikia kesho yake, endelea. Yakizidi, punguza uzito.

Goti likivimba, likikwama au kushindwa kunyooka, hasa baada ya kuanguka, usijitibu, nenda hospitalini. Watoto ambao bado wanakua nao waonwe kwanza na mtaalamu wa tiba ya viungo, kwani maumivu yao huenda yanatoka kwenye mfupa.