Kengele ya Freretown: Uendeshaji wa Shule za Mahuru na Nafasi Yake katika Fasihi ya Kiswahili

Msafiri atokaye Mtongwe, upande wa Likoni, akielekea Kisauni kwa kawaida huvuka maji mara mbili: huingia kwanza kisiwani Mombasa, kisha hutoka kwa Daraja la Nyali. Ng'ambo ya daraja hilo hufika mahali paitwapo Kengeleni. Jina hilo limetokana na kengele ya makazi ya Freretown, yaliyoanzishwa na wamisionari kwa ajili ya mahuru, yaani watumwa waliokombolewa. Makala haya yanaeleza jinsi shule za makazi hayo zilivyoendeshwa, na kwa nini jambo hilo linamhusu mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili.

Ni muhimu kuelewa kwanza mazingira ya kisheria. Mkataba uliotiwa saini na Sayyid Barghash tarehe 5 Juni 1873 ulipiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini na kufunga soko la watumwa la Unguja. Haukukomesha utumwa wenyewe. Katika pwani ya Kenya, sheria iliendelea kuutambua utumwa hadi mwaka 1907. Kwa hiyo, watoto waliosoma Freretown walikuwa huru huku ng'ambo ya mkono mwembamba wa bahari wenzao wakimilikiwa kihalali.

Makazi yenyewe yaliasisiwa na chama cha Church Missionary Society (CMS). Kasisi William Salter Price aliwasili mwishoni mwa mwaka 1874, na mwaka uliofuata ardhi ikapatikana Kisauni. Mahali hapo paliitwa kwa jina la Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyefika Unguja mwaka 1873 kuushinikiza mkataba uliotajwa. Watu walionaswa kutoka katika majahazi na manowari za Kiingereza waliletwa hapo. Wengi walikuwa Wayao, Wanyasa na Wamakua, na hawakuwa na njia ya kurejea kwao.

Suala la walimu lilitatuliwa kwa njia ya ajabu kidogo. Kabla ya kuja Mombasa, Price alikuwa amesimamia kituo cha Sharanpur, karibu na Nasik nchini India, ambako watoto wa Kiafrika waliokombolewa baharini walifundishwa kusoma na ufundi wa mikono. Wahitimu wa kituo hicho, waliojulikana kama Waafrika wa Bombay, ndio waliokuwa walimu, wakalimani, waashi na maseremala wa makazi mapya. Baadhi yao walikuwa wametangulia Rabai tangu miaka ya 1860. Wawili kati yao, William Henry Jones na Ishmael Semler, walipewa daraja la ushemasi na Askofu James Hannington mwaka 1885. Hata hivyo, usimamizi wa juu ulibaki mikononi mwa Wazungu. Aliyekuwa mtumwa aliweza kufundisha darasa; kuamua mambo ya shule lilikuwa jambo jingine.

Hapo ndipo ulipo mgongano mkubwa wa historia hii. Nidhamu ya makazi ilikuwa kali. Msimamizi wa kazi, J. R. Streeter, alilaumiwa kwa kuwachapa viboko na kuwafunga watu waliokuwa chini yake, hata uchunguzi ukafanywa mwaka 1881 naye akaondoka. Mtu aliyeokolewa kutoka kwa fimbo ya bwana mmoja alikuwa ameangukia fimbo ya bwana mwingine.

Tatizo la pili lilikuwa la watoro. Watumwa waliotoroka mashamba ya Pwani walikimbilia misheni, hasa Rabai, nao wasimamizi walitakiwa na sheria kuwarejesha kwa wenyewe. Mwaka 1880 wenye watumwa wa Mombasa walitishia kuivamia Freretown kwa sababu hiyo. Suluhu ilipatikana tarehe 1 Januari 1889, watoro wapatao 1,400 walipopewa hati za uhuru baada ya mabwana wao kulipwa fidia.

Kwa upande wa lugha, athari za shule hizi hazina kifani. Katika Kiswahili cha wakati huo, neno "mjinga" halikumaanisha asiye na maarifa tu, bali pia mtumwa aliyeletwa karibuni, asiyejua lugha wala mila za Pwani. Watoto wa makabila mengi walikutana chini ya paa moja, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Walijifunza kukiandika kwa hati ya Kirumi, ilhali watu wa mjini walikuwa wakikiandika kwa hati ya Kiarabu kwa karne kadhaa. Aliyeitwa mjinga akawa mwandishi.

Ushahidi ni James Juma Mbotela, mzawa wa Freretown na mwana wa Myao aliyekombolewa, ambaye kitabu chake Uhuru wa Watumwa kilichapishwa London mwaka 1934. Wahakiki wengi wamekilaumu kwa kuwasifu mno Waingereza. Lawama hiyo ina msingi, lakini haitoshi. Kazi hiyo yafaa isomwe kama zao la shule iliyokuwa mlezi na mtawala kwa wakati mmoja. Mwandishi aliyelelewa humo alishukuru kwa sababu uhuru wa mzazi wake ulikuwa wa kweli. Na aliyoyanyamazia nayo ni sehemu ya maana ya matini. Mhakiki anayesoma shukrani pekee, au utumwa wa kifikra pekee, amesoma nusu ya kitabu.

Ukoo huo huo ulimtoa mtangazaji Leonard Mambo Mbotela (1940–2025), aliyewauliza Wakenya redioni kwa miongo mingi: "Je, huu ni ungwana?" Asili ya neno "mwungwana" ni mtu aliye huru, asiye mtumwa. Haki ya kuuliza swali hilo, wazee wa Freretown waliilipia kwa gharama kubwa.