Nyumba imeishia kwenye lenta, watoto wanalala humo: halmashauri isaidie vipi?

Ukiingia Masasi au Newala kati ya Oktoba na Desemba, utajua minada ya korosho imeanza hata bila kuuliza. Bati na saruji zinashushwa madukani asubuhi na jioni, mafundi wanagombaniwa, na kila mtaa una ukuta mpya unaopanda. Rudi mwezi Machi. Kelele zimekwisha, na kuta nyingi zimesimama pale pale kwenye lenta zikisubiri msimu mwingine.

Nimekulia katika nyumba ya namna hiyo, Newala. Mwaka wa kwanza baba alimwaga msingi, wa pili akapandisha tofali, wa nne akapaua. Tulihamia bati zilipofika juu. Hatukusubiri sakafu wala dari, maana kodi ya chumba tulichopanga ilikuwa inakula hela ya saruji. Kati ya ukuta na bati palibaki uwazi wa kupitisha mkono. Baba alisema utazibwa mwakani. Ulizibwa nikiwa kidato cha pili.

Wakati ule niliona unaingiza upepo tu. Sasa naandika habari za afya na najua kwamba mbu anayeeneza malaria hupenda kuingia kwa njia hiyo hiyo, pale ukuta unapokutana na paa, usiku watu wakiwa wamelala. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliopima watoto wa chini ya miaka mitano ulikuta kwamba Mtwara karibu mtoto 1 kati ya 5 alikuwa na vimelea vya malaria. Tabora pekee ndiyo ilikuwa juu yetu. Wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 8.

Kwa hiyo tunapozungumzia nyumba za gharama nafuu, mimi nauliza swali la mzazi: mtoto analala wapi katika ile miaka mitano au kumi ambayo nyumba bado haijaisha?

Serikali imejaribu kujenga nyumba zilizokamilika. Shirika la Nyumba la Taifa (NHC), lililoanzishwa mwaka 1962, lilijenga nyumba za gharama nafuu Masasi kama lilivyofanya Lindi na Songea. Ni nyumba nzuri. Lakini bei yake ni makumi ya mamilioni, na mkulima mwenye ekari chache za mikorosho hana hati ya mshahara ya kupeleka benki.

Hapa pana jambo linalonikera kidogo. Sheria ya fedha iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa nyumba mpya ya kuishi isiyozidi Sh milioni 50 inayouzwa na kampuni ya ujenzi. Vizuri. Sasa chukua mama anayenunua saruji mifuko mitatu mwezi huu na miwili mwezi ujao. Yeye analipa asilimia 18 katika kila mfuko na kila bati, na tangu Julai 2023 imeongezwa Sh 1,000 kwa mfuko wa kilo 50. Anayenunua nyumba nzima amepunguziwa, anayeijenga kwa vipande hakupunguziwa. Na saruji yenyewe inatengenezwa hapa hapa Mtwara, kiwanda cha Dangote kipo tangu 2015!

Kodi hizo zinapangwa Dodoma, madiwani wetu hawawezi kuzifuta. Lakini halmashauri zetu mbili za mji zina vitu vyao mkononi.

Cha kwanza ni ardhi. Serikali Kuu imekuwa ikizikopesha halmashauri fedha zisizo na riba za kupanga, kupima na kumilikisha ardhi. Mwaka wa fedha 2021/2022 ilitenga Sh bilioni 50 kwa nchi nzima. Halmashauri inapima viwanja, inaviuza, inarejesha mkopo, na kinachobaki kinapima vingine. Hesabu yake ni rahisi, ila ina mtego. Dar es Salaam ilifanya hivyo kwenye mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, na wengi waliofaidika walikuwa watu wa kipato cha kati na cha juu, kwa sababu kiwanja kilikuwa kikubwa na fedha ilitakiwa haraka. Masasi na Newala zinaweza kuukwepa mtego huo kwa kupima sehemu ya viwanja vikiwa vidogo, na kuruhusu malipo ya awamu yanayofuata kalenda ya korosho: kikubwa Novemba na Desemba, kidogo au hakuna kabisa kuanzia Februari hadi Septemba. Kumdai mkulima Sh 100,000 kila mwezi ni kumpeleka kwenye kangomba.

Kangomba tunaijua. Umebanwa mwezi Julai, mkorosho ndiyo kwanza una maua, unamuuzia mtu mavuno yako kwa bei ya kutupa ili upate bati kumi. Ni kosa kisheria na bado inafanyika. Kila mkopo wa ujenzi unaodai marejesho kila mwezi unaisaidia kangomba kuishi.

Cha pili ni ushuru. Korosho ikiuzwa mnadani, halmashauri huchukua asilimia 3. Katika kila Sh milioni 1, hiyo ni Sh 30,000. Kisha sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hii ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi 2024. Kwa hesabu ya juujuu, katika kila milioni ya korosho yako, Sh 3,000 zinaingia humo.

Mkopo huo ni wa shughuli za kuzalisha, kwa hiyo mama hawezi kuomba bati za nyumba yake. Kikundi cha vijana cha kufyatua matofali kinaweza. Yapo matofali ya kufungamana, ya udongo na saruji kidogo yanayoshindiliwa kwa mashine, yanayojengwa bila udongo mwingi wa kuunganishia na bila kuchomwa kwa kuni. Halmashauri ikikopesha kikundi mashine, na yenyewe ikanunua matofali hayo kwa matundu ya vyoo vya shule, kikundi kina soko la uhakika na kinaweza kumuuzia jirani kwa awamu. Kule Chamazi, Dar es Salaam, wapangaji na wenye nyumba waliohamishwa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari walichangishana kupitia vikundi vya kuweka akiba, wakanunua ardhi ya pamoja na kujenga kwa matofali ya aina hii waliyoyafyatua wenyewe.

Cha tatu hakina jina zuri. Ni fedha za kumalizia. Mexico, jimbo la Coahuila, kuanzia mwaka 2000 serikali haikuwapa maskini nyumba, iliwapa sakafu ya saruji tu, juu ya udongo ule ule, katika nyumba ile ile. Watafiti walipolinganisha familia, minyoo kwa watoto ilikuwa imepungua kwa asilimia 78, kuharisha 49 na upungufu wa damu 81. Ni kipande kimoja tu cha nyumba!

Hapa mkoani kwetu watafiti walijenga nyumba 110 za mfano vijijini, familia zikipatikana kwa bahati nasibu: vyumba vya kulala ghorofani, nyavu, jiko lenye bomba la moshi, maji ya mvua yanayovunwa kutoka kwenye paa, choo safi. Kisha wakafuatilia afya ya watoto wakiilinganisha na ya watoto wa nyumba za kawaida. Si kila mtu atajenga ghorofa, lakini nyavu, bomba la moshi na tanki vinaingia kwenye nyumba yoyote. Newala hasa, juu ya uwanda ambako maji yanapandishwa kwa mashine kutoka mabondeni, paa la bati lenye michirizi na tanki la saruji ni sehemu ya nyumba kama ulivyo ukuta.

Mzazi, kama msimu huu una hela ya kitu kimoja tu, ziba uwazi wa juu na weka nyavu madirishani kabla ya geti na rangi. Sakafu ya chumba cha watoto itangulie ya sebuleni. Chandarua kiendelee kutumika.

Na vikao vya bajeti ya halmashauri huanza miezi ya mwanzo wa mwaka, ushuru wa korosho ukiwa umeshaingia. Mkutano wa mtaa unatangulia. Muulize mwenyekiti maswali mawili: viwanja vya mwaka huu vitalipwa kwa awamu za lini, na kuna kikundi gani cha matofali katika orodha ya mikopo.