Je, Wajua? Dadu, Mkunjo na Bakuli: Vituko vya Kuhakiki Kura Marekani

Marekani haina sheria moja ya kuhakiki kura. Kila jimbo, na yapo 50, hujitungia ya kwake, na humo ndimo vituko vilimojaa.

Dadu ndizo huchagua kura za kukaguliwa

Uchaguzi ukiisha, Colorado huita umma ushuhudie dadu zenye pande kumi zikirushwa, moja baada ya nyingine, mpaka ipatikane namba yenye tarakimu 20. Namba hiyo hulishwa kwenye programu, nayo programu hutaja ni karatasi zipi zitolewe kwenye maboksi zilinganishwe na zilivyosomwa na mashine. Hata mwizi mjanja kupindukia hawezi kujua mapema ni kura gani itakayoitwa, maana dadu bado hazijatua! Sheria yenyewe ilipitishwa mwaka 2009, na mwaka 2017 Colorado ikawa jimbo la kwanza kufanya ukaguzi wa aina hii kila kona ya jimbo.

Karatasi 60 zaweza kutosha kwa kura milioni

Tuseme mshindi ameongoza kwa asilimia 10. Zitoe karatasi 60 hivi kwa bahati nasibu, uzilinganishe moja moja na kumbukumbu za mashine. Zikilingana zote, kazi imekwisha: kama mashine zilimtangaza asiyeshinda, uwezekano wa ukaguzi huo kumpitisha hauzidi asilimia 5. Idadi hiyo haibadiliki sana, wapiga kura wawe laki moja au milioni tatu. Mnunuzi wa mahindi anayechoma bambo kwenye gunia anaijua siri hii siku nyingi. Philip Stark, mtakwimu wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, ndiye aliyeipigia hesabu kwa ajili ya kura. Ila pengo likishuka hadi asilimia 1, jiandae kutoa karatasi zipatazo 600.

Mashine ilijaa, ikanyamaza

Mwaka 2004, maofisa wa kaunti ya Carteret, North Carolina, waliamini mashine yao ya kielektroniki ina nafasi ya kura 10,500. Kumbe ilikuwa imepangwa kuhifadhi 3,005 tu. Ilipojaa haikukataa mtu. Watu waliendelea kubonyeza na kwenda zao, na kura 4,438 zikapotea moja kwa moja, kwa sababu hapakuwa na karatasi. Idadi hiyo ilizidi pengo la wagombea wa ukamishna wa kilimo wa jimbo zima! Mwaka uliofuata bunge la jimbo likapitisha sheria: kila kura iwe na karatasi yake.

Mkunjo ulipiga kura

Hiki ndicho kisa ninachokipenda kuliko vyote. Mwaka 2020 katika mji mdogo wa Windham, New Hampshire, mgombea wa Democratic alikosa kiti cha bunge la jimbo kwa kura 24, akaomba kura zihesabiwe upya kwa mkono. Yeye akapungukiwa kura 99, na wapinzani wake wanne wa Republican wakaongezewa kama 300 kila mmoja. Nchi nzima ikataharuki. Bunge la jimbo likatunga sheria ya kukagua mji huo mmoja, na mwaka 2021 wakaguzi wakamkamata mkosaji: mkunjo. Kura za posta zilikuwa zimekunjwa kwa mashine isiyo ya kazi hiyo, na mstari ukapita juu ya kiduara cha jina la yule mgombea. Skana ikaona kivuli, ikadhani ni alama. Aliyekuwa amechagua Republican wanne akaonekana amechagua watu watano kwa viti vinne, na kura zake zote za nafasi hiyo zikatupwa.

Milioni tano kwa mkono

Novemba 2020 Georgia ilihesabu kwa mkono karibu kura milioni 5 za urais, chini ya wiki moja. Pengo lilikuwa dogo mno kiasi kwamba sampuli ingekuwa kubwa ajabu. Ikaonekana heri kuhesabu zote. Katika kaunti chache, Floyd ikiwemo, yakaibuka maelfu ya kura zilizosahaulika. Uongozi wa Biden ukashuka kutoka kama 14,000 hadi 12,000 na ushei, lakini mshindi akabaki yuleyule.

Bunge zima ndani ya bakuli

Uchaguzi wa 2017 wa kiti kimoja cha bunge la jimbo la Virginia ulimwacha Shelly Simonds na kura 11,608, na David Yancey na 11,608. Sheria ya jimbo inasema wapigiwe kura ya bahati. Januari 2018 majina yao yakatiwa kwenye vikopo vya filamu ya kamera, vikopo kwenye bakuli la udongo, likachomoka jina la Yancey, na chama chake kikashika bunge kwa viti 51 dhidi ya 49. Simonds alirudi mwaka 2019, akamshinda kwa kura za watu.