Kunakili Rekodi kutoka Simu hadi Flashi

Wanafunzi wetu hurekodi kwa simu mazungumzo ya wazee wa Nyamirambo, mtaa wa Kigali wenye wasemaji wengi wa Kiswahili. Simu ikipotea, data ya utafiti hupotea pamoja nayo. Kwa hiyo tunashauri rekodi zinakiliwe kwenye flashi siku hiyohiyo. Si lazima kuwa na kompyuta.

Kinachohitajika ni adapta ya OTG. Mfumo huu, uliotangazwa mwaka 2001, huiwezesha simu kusoma flashi kama kompyuta isomavyo. Flashi yenye kichwa cha USB-C haihitaji adapta ikiwa simu ina tundu la aina hiyo. Kwa kuwa si kila simu inakubali OTG, jaribuni kabla ya kwenda uwandani.

Chomekeni flashi, fungueni programu ya faili, teueni rekodi, kisha zinakilini. Sikilizeni nakala kwanza, ndipo mfute zilizomo simuni. Flashi ya mfumo wa FAT32 haipokei faili moja yenye GB 4 au zaidi. Kabla ya kuichomoa, iondoeni kwanza kupitia menyu ya simu, faili zisiharibike.

Flashi nyingine hununuliwa; mzee hasimulii mara mbili kwa maneno yaleyale.