Tarehe Kumi na Sita, Saa ya Isha

Washairi wa Kiswahili wameusifu sana mwezi wa kumi na nne. Mpenzi mzuri hufananishwa nao, na tungo zinazoutaja hazina idadi. Mwezi wa kumi na sita haujapata bahati hiyo. Lakini kwa mtu anayelinda mpunga wake pale Mloka, kando ya Mto Rufiji, huo ndio wa kutiliwa maanani.

Mloka ipo jirani na lango la Mtemere, mlango wa kuingilia Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa mwaka 2019 kutoka Pori la Akiba la Selous. Mnyama haulizi mpaka uko wapi. Kati ya mwaka 2002 na Aprili 2004, simba mmoja aliua watu wasiopungua 35 wilayani Rufiji kabla ya kupigwa risasi. Fuvu lake lilipochunguzwa, lilikutwa na jino la gego lililopasuka na jipu chini yake. Rolf Baldus, mtaalamu wa wanyamapori kutoka Ujerumani aliyekuwa akifanya kazi nchini, alieleza kwamba huenda maumivu hayo ndiyo yaliyomsukuma kula nyama laini ya binadamu. Habari ikazunguka dunia: simba mwenye jino bovu.

Ni kisa kitamu kusimulia, na ndiyo maana sikiamini kupita kiasi. Jino linaweza kumweleza simba mmoja, lakini mwaka 2005 mtafiti wa simba Craig Packer na wenzake, akiwemo mtafiti Mtanzania Dennis Ikanda, walichapisha katika jarida la Nature hesabu iliyoonyesha kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua zaidi ya watu 563 nchini na kujeruhi wasiopungua 308. Meno ya simba wote hao hayawezi kuoza kwa wakati mmoja. Mashambulizi mengi yalitokea kusini mashariki, Rufiji na Lindi zikiwemo, na yaliongezeka msimu wa mavuno, Machi hadi Mei. Chanzo walichokiona ni nguruwe pori. Swala na nyumbu wakishatoweka karibu na vijiji, anayebaki ni nguruwe, na nguruwe hufuata mahindi na mpunga. Mkulima hulala shambani ili amfukuze, naye simba humfuata nguruwe mle mle na kumkuta mkulima.

Anapolala mkulima huyo panaitwa dungu. Ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, sakafu yake ni fito zilizofungwa kwa kamba, paa ni la nyasi au makuti, na unapandia ngazi ya miti. Ni ubunifu wa bonde lenyewe: maji yakipanda, wewe uko juu, na macho yanafika hadi mwisho wa shamba. Zamani familia nyingi ziliishi humo bondeni. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, serikali iliwahamishia watu kwenye vijiji vya miinuko, mashamba yakabaki kule kule kwenye udongo wenye rutuba. Tangu hapo kila msimu ni safari ya kuhamia shamba, na dungu likawa nyumba ya miezi kadhaa kwa watu wengi, wengine wakiwa na watoto wa kufukuza ndege.

Kwa jicho la msanifu, dungu linatatua tatizo la maji kwa ustadi na linaliacha tatizo la simba nusu nusu. Wengi huacha pande wazi ili waone nguruwe na wapate upepo. Isitoshe, mtu haishi juu muda wote, maana moto wa kupikia uko chini, maji yako mbali, na choo ni kichaka. Mtafiti Hadas Kushnir na wenzake walipolinganisha walioshambuliwa na wasioshambuliwa huko Rufiji na Lindi, waliona kwamba hatari ilikwenda na umaskini wa kawaida kabisa: nyumba dhaifu, mwendo mrefu wa kutafuta maji na kuni, na kulala nje.

Hapo ndipo mwezi unapoingia. Mwaka 2011 Packer, Ikanda, Kushnir na Alexandra Swanson walirudi na swali jingine: simba hushambulia saa ngapi? Makala yao ilitoka katika PLoS ONE, jarida ambalo yeyote mwenye simu anaweza kulisoma bure, ila limeandikwa kwa Kiingereza. Walipitia rekodi za mashambulizi ya mwaka 1988 hadi 2009, yaliyowapata zaidi ya watu elfu moja nchini. Sehemu kubwa ilitokea kati ya machweo na saa nne usiku, wakati watu bado wako macho na wanatembea. Na jioni mbaya zaidi ni za siku zinazofuata baada ya mwezi kujaa.

Simba huwinda kwa kunyemelea, na mbalamwezi humfichua. Watafiti waliokuwa wakipima matumbo ya simba kwa macho, wakiyapa alama kulingana na yalivyojaa, waliona kwamba wakati wa mbalamwezi kali simba hushinda na njaa. Mwezi ukianza kuchelewa kuchomoza, giza hurudi mapema jioni na kumkuta mnyama ambaye hajashiba kwa siku kadhaa. Katikati ya mwezi mwandamo mwanga ulikuwa ulinzi, na siku mbili baadaye ulinzi huo umeondoka huku watu wakiendelea na mazoea yao ya jioni.

Mloka, kama sehemu kubwa ya Rufiji, ni nchi ya Waislamu, na tarehe ya mwezi haihitaji kutafutwa. Ipo kwenye kalenda ya msikiti na kwenye programu ya simu inayotangaza nyakati za swala. Tarehe hiyo huanza Magharibi, si usiku wa manane, kwa hiyo inafaa sana kwa hesabu hii. Chukua tarehe, toa 15, zidisha kwa dakika 50, kisha ongeza kwenye saa ya Magharibi. Hapo ndipo mwezi utakapochomoza, kwa kukadiria. Tuseme jua limezama saa kumi na mbili na nusu. Usiku wa 16, mwezi unatoka kama saa moja na dakika 20, karibu na Isha. Usiku wa 19, unatoka kama saa tatu na dakika 50, na kabla ya hapo, mwanga wa machweo ukishaisha, ni giza totoro kwa zaidi ya saa mbili.

Najua watu watauliza: tufuate mwandamo upi, wa hapa nchini au wa kimataifa? Simba hana msimamo katika mjadala huo. Ukikosea siku moja, hesabu inayumba kwa dakika 50 tu, na jibu la uhakika liko angani upande wa mashariki.

Sababu ya kuipenda hesabu hii ni ya kisaikolojia zaidi kuliko ya uwindaji. Mwaka 1997 mtafiti Christian Grillon na wenzake nchini Marekani walipima jinsi watu wanavyopepesa macho wanaposhtuliwa na kishindo. Gizani mshtuko ulikuwa mkubwa kuliko kwenye mwanga. Panya, wanyama wa usiku, hufanya kinyume: mwanga ndio unaowatia hofu. Kuogopa giza, basi, si utoto wala upungufu wa imani. Mwili unatarajia adui kwenye saa ambazo macho ya mtu hayaoni vizuri.

Tatizo la hofu hiyo ni kwamba haina mipaka, na hesabu ya mwezi ndiyo inayoipa mipaka. Ikikaa na mtu usiku kucha, msimu mzima, inakula usingizi, na mtu asiyelala huanza kutafuta wa kumlaumu. Kusini mashariki mwa Tanzania, na ng'ambo ya Ruvuma kule Msumbiji, simba anayerudia kuua husemwa ametumwa na mtu. Huko Singida, katika miaka ya 1940, imani ya namna hiyo, ya simba-mtu, ilifika hadi mahakamani. Kijiji kinachomshuku jirani hakitoki pamoja kuchimba mtaro wa kuzuia nguruwe kuzunguka mashamba, na mtaro huo ni mojawapo ya mambo ambayo watafiti waliyapendekeza.

Sisemi mwenye hofu aambiwe aache kusoma Ayatul Kursiy, aya ya Kurani ya kujikinga. Aisome, na atazame tarehe. Kuanzia tarehe 16 maji yatekwe kabla ya Magharibi, moto wa chini uzimwe mapema, watoto wapande kwanza, na kwenda chooni iwe kwa wawili wenye tochi. Hayo karibu hayagharimu kitu. Dungu lenyewe lizibwe upande mmoja baada ya mwingine kadiri fito zinavyopatikana, kuanzia ule unaoelekea kichakani, ngazi ivutwe juu, na mlango uwe wa kufunga.

Kinachoiharibu hesabu hii ni masika. Mavuno ya Machi hadi Mei huja na mawingu, na mwezi uliofunikwa hausaidii hata ukiwa wa kumi na nne.